Kifandugu cha Mbao

Wanafunzi walimwita Mzee Gundi, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Lilitokana na harufu. Miaka ishirini na tisa aliyofanya kazi katika maabara ya baiolojia ya shule ile ya sekondari, gundi ilikuwa imemwingia vidoleni, kwenye koti lake la kazi, hata kwenye mkate aliokula saa nne asubuhi. Kitu kikivunjika, aliitwa yeye. Darubini iliyolegea shingo, mtungi wa chura uliopasuka, kipepeo aliyepoteza bawa, vyote vilipita kwenye meza yake katika chumba kidogo nyuma ya maabara, na vyote vilirudi vizima. Alikuwa na sifa moja aliyoionea fahari kuliko zote: alichokiunga yeye, hungeweza kuonyesha kilipovunjika. Mtu wa namna hiyo anafaa sana kwa vitu. Kwa watu, sina hakika.

Kati ya chumba chake na maabara palikuwa na kidirisha cha kupitishia vifaa. Miaka minne ya mwisho kidirisha hicho kilikuwa ndiyo raha ya maisha yake, kwa sababu mwalimu aliyefundisha upande wa pili alikuwa binti yake. Mbele ya wanafunzi binti alimwita "mzee" kama walimu wengine. "Mzee, naomba moyo wa ng'ombe." Halafu, akiinama kupokea sinia, humuuliza kwa sauti ya chini, "Baba, umekula?" Naye hujibu, "Nimekula, mama," hata kama hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Hakuwa na mwingine. Mkewe alifariki binti akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo waliishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, wakigawana magazeti na dawa ya mswaki. Kwa hiyo tuelewane mapema. Mzee Gundi alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kupoteza, na ninachosimulia hapa ni jinsi alivyokipoteza kwa mikono yake mwenyewe, mchana, watu wakitazama.

Kwenye kona ya nyuma ya maabara, akining'inia kwenye chuma chenye magurudumu, alisimama Mkaguzi. Alikuwa mifupa kamili ya binadamu, mifupa ya kweli, iliyoletwa shuleni zamani sana kabla watu hawajaanza kuuliza vitu kama hivyo hutoka wapi. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu alisimama nyuma ya darasa bila kusema neno, meno yote nje lakini hacheki, na walimu wageni walimwogopa.

Mwaka mmoja, kabla binti hajapangiwa shule ile, madarasa yalipakwa rangi. Wapaka rangi wakambeba Mkaguzi mzegamzega, wakamwangusha kwenye ngazi. Mbavu mbili zilivunjika, na Gundi akaziunga. Lakini kifandugu, ule mfupa mdogo wa mwisho kabisa wa uti wa mgongo, unaomuuma mtu akianguka kwa makalio, kilikanyagwa na buti kikawa unga. Hapakubaki cha kuunga. Basi akachukua mguu wa kiti kibovu akachonga kingine.

Angeweza kufungua kitabu aone picha, na vitabu vilijaa kabatini. Lakini alikuwa na msemo wake kwamba fundi wa kweli haongozwi na picha, na kiburi hicho kilikuja kumtokea puani. Rafuni palikuwa na mifupa ya tumbili. Akatazama pale mkia wa tumbili unapoanzia, akaiga. Binadamu wengi wana pingili nne mahali hapo, zimeshikana. Yeye alichonga sita. Akakichovya kifandugu chake kwenye chai ya rangi siku mbili mpaka kikashika rangi ya mifupa mikuukuu, akakisugua kwa nta ya mshumaa, akakifunga kwa waya. Mwalimu wa wakati ule, aliyekuwa akihesabu siku za kustaafu, alikitazama akasema, "Safi," akaenda zake.

Binti alipokuja, Gundi alikusudia kumwambia. Siku ya kwanza ya somo la mifupa alimsikia kupitia kidirishani akiwaambia wanafunzi wahesabu pingili. Wakahesabu sita. "Huyu wetu alikuwa na sita," alisema. "Watu hutofautiana. Haya ni mabaki ya mkia ambao mababu wa mababu zetu walikuwa nao." Gundi akajiziba mdomo asicheke. Mtu aliyesoma chuo kikuu, aliyemzaa mwenyewe, ameshika mguu wa kiti anausifia. Atamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na tuseme lilivyo, alinogewa. Kila muhula alisikiliza kazi ya mikono yake ikihesabiwa kuwa kazi ya mamilioni ya miaka, akajiona mkubwa.

Ndani ya nyumba yao mlikuwa na jambo jingine lisilosemwa. Gundi alikuwa mtu wa kanisa, wa kiti cha mbele. Binti hakuamini kwamba Mungu yupo. Waliishi nalo vizuri kuliko unavyodhani. Wakati wa kula baba alifumba macho akaomba, na binti aliweka kijiko chini akangoja. Baba akisema amina, binti husema, "Karibu, baba," na kula kunaanza. Hakuna aliyemcheka mwenzake wala kumkemea.

Ilianzia kwenye msiba wa mama. Mama yule alifia kwenye uzazi wa pili. Kichwa cha mtoto kilikwama kwenye nyonga, siku nzima na usiku wake, na wakaondoka wote wawili. Matangani, mdogo wake Gundi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuhubiri, alimwekea yule binti mkono kichwani akamwambia, "Usilie, mwanangu. Mungu ana mpango wake." Mtoto akamtazama akauliza, "Aliupanga lini?" Watu wakamwona mtovu wa adabu. Hakuuliza tena. Miaka kumi baadaye, akiwa chuoni, alimwambia baba yake maneno ambayo Gundi hakuweza kuyatoa kichwani: "Kama ule ulikuwa mpango, baba, basi aliyeupanga ana kesi ya kujibu. Kama haukuwa mpango wa mtu yeyote, hapo naweza kuvumilia." Gundi alimwombea tu.

Mdogo wake, yeye, alikuwa na majibu ya kugawa. Kwa wakati ninaousimulia alikuwa Mchungaji mwenye kanisa lake, na juu ya hayo mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na ulimi wake ulikuwa unatafuta kazi. Akaanza kuhubiri kwamba shuleni watoto wanafundishwa kuwa babu zao ni nyani. Wazazi wakachachamaa, na barua zikamiminika. Mkuu wa shule alikuwa mtu anayeogopa barua kuliko moto. Akaona njia ya kujitoa lawamani ni kuitisha mdahalo Jumamosi asubuhi, Mchungaji upande mmoja, mwalimu wa baiolojia upande wa pili, wanafunzi wote wasikilize. Tangazo likabandikwa: "Binadamu: aliumbwa au alitokea?" Utafikiri ni mechi.

Jumapili moja kabla ya mdahalo, Mchungaji alikuja kumwona kaka yake. Binti alikuwa ametoka. Wakakaa sebuleni na chai yao.

"Kaka, huyu mtoto tunampoteza."

"Ana akili zake."

"Akili ndizo zilizompeleka huko. Hajawahi kushindwa huyu. Tangu shule ya msingi namba moja, namba moja. Mtu ambaye hajawahi kushindwa atapigaje magoti? Mimi nakwambia, akianguka mara moja tu, mbele ya watu, atarudi."

"Atarudi wapi?"

"Kwa Mungu, kaka. Kwako."

Gundi alikoroga chai iliyokwisha korogwa. Mchungaji akaendelea kusema kwamba kinachompa binti jeuri ni ile habari yake ya mkia, kwamba watoto wanatoka darasani wanajishika makalio.

"Mkia wenyewe nimeuchonga mimi," Gundi alisema, akacheka.

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Umesema?"

Wapo wanaomtetea Gundi kwamba pale ulimi uliteleza. Haukuteleza. Angeweza kusema alikuwa anatania, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alieleza yote, mguu wa kiti, chai ya rangi, tumbili, pingili sita, na kadiri alivyoona macho ya mdogo wake yanavyong'aa ndivyo alivyozidi kueleza. Alijua anampa nani na kwa kazi gani. Alichojiambia ni kwamba anamtafutia mwanawe njia ya kurudi nyumbani, kama vile alikuwa haishi chumba cha pili.

"Usimwambie," Mchungaji alisema akiwa mlangoni.

"Nisimwambie nini?"

"Chochote. Mwachie Mungu afanye kazi yake."

Wiki ile, kila asubuhi binti aliinama kidirishani akauliza, "Baba, umekula?" na kila asubuhi Gundi alikuwa na la kusema akalimeza pamoja na mate. Ijumaa binti alimwomba kitu. "Kesho utanishikia Mkaguzi, baba? Lile gurudumu lake halitulii. Na ukiwa karibu sitetemeki." Gundi akasema atamshikia.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi mia nne, walimu, wazazi kwenye viti vya mbele. Gundi alisimama pembeni ya jukwaa, koti la kazi limefuliwa, mkono mmoja kwenye chuma cha Mkaguzi.

Mchungaji alianza, na lazima nimpe haki yake, anajua kuongea. Alivua miwani akainyanyua juu. "Miwani hii ina fundi aliyeitengeneza. Hakuna hapa anayebisha. Sasa jicho lililo nyuma ya miwani, lenye mishipa na maji na nuru yake, eti limejitokea lenyewe? Kidogo kina fundi, kikubwa hakina?" Akapigiwa makofi, hata na walimu.

Binti akasimama. Hakuwa na karatasi. "Baba mdogo amesema kweli, jicho ni zuri sana," alisema. "Ila lake linahitaji miwani tangu akiwa na miaka thelathini. Miwani hiyo ikimsumbua anairudisha dukani kwa fundi. Jicho analirudisha kwa nani?" Ukumbi ukacheka, Mchungaji naye akacheka, na kwa muda kidogo ilikuwa kama mchezo wa nyumbani kwao. Kisha binti akaanza kufundisha. Akawaeleza taratibu, kama alivyowaeleza darasani, kwamba miili yetu imebeba historia yake, kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi kwa kizazi, kile kinachofaa kidogo kinabaki na kisichofaa kinapotea, na hapana anayekaa mezani kuchora. Ndiyo maana mwilini mna viraka na mabaki. Akawaonyesha kifandugu. Wakahesabu naye kwa sauti mpaka sita.

Halafu mkono wake ukapanda kwenye nyonga ya Mkaguzi. Hilo hakuwa amelisema darasani hata siku moja.

"Tulipoanza kutembea wima, nyonga ilibadilika umbo," alisema. "Baadaye vichwa vyetu vikawa vikubwa. Hakuna aliyekaa akavipatanisha hivyo viwili. Kwa hiyo mtoto wa binadamu anapita kwa shida mahali ambapo mtoto wa sokwe anapita bila taabu. Wengine hawapiti. Mama yangu alifia hapa." Akaweka kidole kwenye mfupa. "Niliambiwa ulikuwa mpango. Mimi nimesoma miaka yote hii ili nijue kwamba hapakuwa na mtu aliyemkusudia mama yangu mabaya. Hiyo ndiyo sayansi yangu. Mwenye nyingine aseme."

Alikuwa ameshinda. Kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo.

Gundi peke yake hakuwa akisikiliza kama wengine. Alikuwa anautazama ule mkono kwenye nyonga. Miaka kumi na saba alikuwa hajamtaja mkewe mbele ya mtu, na sasa mwili wa mkewe ulikuwa umeanikwa mbele ya watoto wa watu na wapishi wa shule. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawasha. Ninaitaja hasira hiyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kuitaja, ingawa si siku ile.

Mchungaji akainuka polepole. Akaomba aruhusiwe kuutazama ule mkia kwa karibu. Akatoa mfukoni kisu cha kukunja, na kabla mkuu wa shule hajafungua mdomo, akakwangua. Vipande vyembamba vikaanguka sakafuni, na pale alipokwangua pakabaki peupe. Akakinyanyua kifandugu, waya ukining'inia.

"Hii ni mbao ya mguu wa kiti," alisema. "Na aliyeichonga tunaye hapa."

Mkuu wa shule alikuwa amesimama, jasho linamtoka. Alichotaka ni jambo liishe. "Mzee, jibu kwa kifupi, ndiyo au hapana. Hiki umekichonga wewe?"

Gundi alikuwa nayo maneno. Maneno yalikuwapo, yamepangika kinywani: kwamba mfupa wa kweli ulikuwapo na yeye ameushika miaka mingi kabla haujakanyagwa, kwamba kosa ni pingili mbili alizozidisha yeye, kwamba kila aliyeketi mle ukumbini alikuwa ameukalia wa kwake wakati huohuo. Ingemchukua muda wa kunywa maji. Binti alikuwa anamtazama, na uso wake haukuwa na hofu hata kidogo, kwa maana alikuwa anangoja baba yake aeleze.

"Ndiyo," Gundi alisema. Akanyamaza.

"Basi mmesikia," Mchungaji alisema. "Mkia wa binadamu una muumbaji, na muumbaji wake ni kaka yangu."

Ukumbi ulilipuka. Wanafunzi walicheka mpaka wakalaliana, wazazi wakapiga miguu chini, na kuna mwalimu wa hesabu, rafiki wa binti, aliyeficha uso ndani ya daftari akitikisika mabega. Ya nyonga yakasahauliwa hapohapo, na ya mama pia. Binti hakulia wala hakubishana. Alimsogelea baba yake akauliza taratibu, "Ulijua kwamba anajua?" Gundi akainama kulitazama gurudumu.

Aliyoyategemea hayakutokea. Binti hakupiga magoti popote. Jumatatu aliingia darasani akakuta ubaoni wamechora kiti chenye miguu mitatu. Akafuta, akafundisha. Akiwageuzia mgongo, mtu mmoja nyuma hukohoa "mbao," na darasa zima hufuata. Akasema mfupa halisi una pingili nne hivi, tazameni kitabuni, wakauliza kitabu nacho kimechongwa na nani. Wiki ya pili, msichana mmoja aliyekuwa akimpenda sana alimuuliza kwa heshima kabisa kama na ile habari ya nyonga ilikuwa ya kutengeneza. Siku hiyo binti alikwenda kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule, aliyekuwa akingoja kwa hamu, akamkabidhi fomu ya uhamisho iliyokwisha jazwa nusu.

Nyumbani aliendelea kupika, kusalimia na kuuliza kama chumvi inatosha. Aliweka kijiko chini baba akiomba, akangoja. Hilo ndilo lililomuumiza Gundi kuliko kama angepigiwa kelele. Kidirishani hakuinama tena. Alichukua sinia akasema, "Asante, mzee." Mwisho wa mwezi alifunga masanduku mawili, akampa baba mkono kama mtu anavyompa mkono jirani, akaondoka kwenda shule nyingine mwendo wa saa sita kwa basi.

Mchungaji alikuwa amevimba kichwa. Kila Jumapili ile hadithi ilinenepa, kisu kikawa kirefu zaidi na ukumbi ukawa na watu elfu. Jumapili ya tatu tangu binti aondoke, alimwita kaka yake mbele atoe ushuhuda. Kanisa lilikuwa na watu thelathini na wawili siku hiyo, kwenye viti vya plastiki. Gundi akasimama mbele yao, mikono imeshika ubavu wa suruali.

"Kile nilichochonga kilikuwa cha uongo," alisema. "Kile nilichotaka kukiiga ni cha kweli. Kila mmoja wenu anacho, amekikalia hapo alipo." Mama mmoja akajisogeza kwenye kiti chake. "Mimi naamini Mungu yupo. Lakini ndugu yangu hakumshinda mwanangu kwa Mungu. Alimshinda kwa kisu, na mimi ndiye niliyemwonyesha pa kukwangua. Mtoto yule alikuwa anasema kweli anayoijua, na alikuwa anamlilia mama yake, na sisi tukamcheka."

Mchungaji alimaliza jambo lile kwa sekunde tatu. "Wapendwa," alisema kwa upole, "kaka yangu ameondokewa na mtoto, ana uchungu. Njooni tumwombee." Wakaja. Wakamzunguka, mikono kichwani, mikono mabegani, wakaomba kwa sauti, na kila alipofungua mdomo aendelee waliomba kwa sauti zaidi. Alitoka mle koti limekunjamana, hakuna hata mmoja aliyeonyesha kusikia alichosema. Hakurudi tena kanisani kwa ndugu yake, na ndugu yake akatangaza kwamba ugonjwa wa mtoto umempata baba.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini akapanda basi la alfajiri. Alimkuta binti mchana katika chumba alichopanga karibu na shule mpya, kitanda, meza, ndoo mbili, rundo la madaftari anayasahihisha. Binti alimpa kiti, yeye akakaa kitandani. Akampa maji.

"Nimesema ukweli kanisani," Gundi alisema. "Nimesimama mbele yao wote."

"Nimesikia. Mke wa baba mdogo alinipigia."

"Nilisema kila kitu. Hata mfupa wa kweli nimewaeleza."

"Wale ni wazee thelathini, baba. Hawakuwahi kunikosea hao." Alikuwa hajanyanyua sauti. "Watoto wangu mia nne bado wanajua mwalimu wao alikuwa mwongo. Yule msichana wa swali la nyonga, anaingia chuo mwakani. Ataingia akijua hivyo."

"Naweza kwenda shuleni. Niwaambie asubuhi wakiwa mstarini."

"Unaweza."

Binti alifunga daftari lililokuwa magotini, akaliweka juu ya mengine, akayasawazisha pembe.

"Nilikuwa nakagua kila kitu," alisema. "Kitabu nakagua, mwalimu wangu nakagua, Mungu wenu nimemkagua. Kilichotoka kwenye kabati lako tu ndicho sikuwahi kukigeuza. Nilikipokea nikafundisha. Nikawa nawaambia watoto wasiamini kitu bila kukitazama, na mimi naamini mbao kwa sababu baba yangu ndiye aliyenipa." Akamgeukia baba yake. "Hilo la kunificha nimekusamehe. Najua ulikuwa unaona raha. Nataka kukuuliza lingine, na naomba usiniunganishie jibu."

"Uliza, mama."

"Pale ukumbini, mkuu alipokuuliza. Ulitaka nishindwe?"

Gundi alikuwa amekuja na jibu. Saa sita ndani ya basi alikuwa akilitengeneza. Mkuu wa shule alitaka ndiyo au hapana, kelele zilikuwa nyingi, alishikwa na bumbuwazi. Yote yalikuwa na kipande cha kweli, na kwa mikono yake angeweza kuyaunga yasionekane mshono.

"Nilitaka urudi," alisema.

"Sijakuuliza hilo."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yanamwagika. Gundi alitazama vidole vyake.

"Nilitaka ushindwe," alisema. "Ulipomtaja mama yako pale, nilitaka ushindwe vibaya."

Binti alitikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya kwa mwanafunzi aliyepata jibu baada ya kuhangaika. Alisimama akamwandalia baba yake chakula, akamwekea mbele, akakaa. Gundi alifumba macho akaomba. Alipofumbua, binti alikuwa ameweka kijiko chini, anangoja kama zamani.

"Karibu, baba," alisema.

Wakala. Alipomaliza kuosha vyombo, binti alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akamchagulia kiti cha dirishani upande usio na jua. Basi lilipowashwa alisimama chini ya dirisha.

"Asante kwa kunijibu," alisema. "Sasa nakuomba usije tena mpaka nikuite."

Mzee Gundi alistaafu mwaka uliofuata. Simu yake huwa haiko mbali naye, anaichaji asubuhi na jioni. Binti hajamwita.